Koili, Barafu na Friji Bovu: Kupoza Bia ya Nyumbani Kwenye Miji ya Joto

Maelekezo mengi ya kutengeneza bia nyumbani yameandikwa na watu wa Marekani, Uingereza na Ujerumani, ambako wakati wa baridi maji ya bomba hutoka yakiwa na nyuzi 8 au 10 za Selsiasi. Mwandishi wa huko akikwambia uzungushe bomba la kopa, ufungue koki, kisha baada ya dakika 20 utie hamira, hasemi uongo. Anasema ya kwao. Yapeleke maelekezo hayo hayo Temeke au Kisauni mwezi wa Februari uone. Koki inakupa maji ya nyuzi 28, na kama yameshinda kwenye simtanki juu ya paa, hata 35. Koili ya kopa, uifanye ndefu uwezavyo, haipozi kitu chini ya joto la maji yanayopita ndani yake, na hata nyuzi 3 au 4 za mwisho inazipata kwa shida.

Kupoza bia ni kazi mbili, na wengi wanaoanza huzichanganya. Ya kwanza ni kuyatoa maji ya kimea kwenye mchemko na kuyafikisha kwenye joto ambalo hamira inaweza kuishi. Hiyo ni kazi ya nusu saa. Ya pili ni kuizuia ndoo isipate joto kwa siku tano au sita wakati hamira inakula sukari. Vitabu vya wenzetu huimaliza ya pili kwa sentensi chache, kwa sababu wana vyumba vya chini ya ardhi ambavyo tayari ni baridi. Kwetu pwani hiyo ya pili ndiyo inayoamua kama bia itanyweka. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: koili ifanye ya gharama ndogo, na fedha na akili zako uzipeleke kwenye kasha la kuchachulia. Anayetengeneza mvinyo wa rozela au wanzuki anaweza kuiruka koili kabisa, maana kasha ni lake pia.

Hesabu zote hapa ni za lita 20, kipimo ambacho wengi wanaopika nyumbani hukitumia.

Tuanze na sababu za kuharakisha ile nusu saa. Maji ya kimea yakiwa juu ya nyuzi 80 hivi yanaendelea kutengeneza harufu ya mahindi ya kopo au kabichi iliyochemshwa, hasa ukitumia kimea cheupe cha pilsna. Yakichemka bila mfuniko harufu hiyo huondoka na mvuke; yakipoa polepole chini ya mfuniko inabaki humo. Halafu wapo bakteria. Chini ya nyuzi 60, sufuria yenye sukari na isiyo na kileo ni karamu yao, na kila dakika unayochelewa kutia hamira ni dakika yao. Faida nyingine ni kwamba kupoa haraka hugandisha protini zikazama chini, na bia inakuwa angavu zaidi. Ni faida ya macho tu, mimi sikosi usingizi kwa ajili yake.

Sababu za ile kazi ya pili ni nzito zaidi. Hamira inapokula sukari hutoa joto. Bia ya lita 20 itakayofika asilimia 5 ya kileo huwa imechachua kilo moja na nusu hivi ya sukari, na joto linalotoka lingebaki lote ndani lingeipandisha ndoo nyuzi 10 au 11. Halibaki lote, lakini katika kilele, kwa kawaida siku ya pili, ndani ya ndoo huwa pamezidi chumba kwa nyuzi 3 hadi 5. Chumba cha nyuzi 30 kinakupa hamira inayofanya kazi kwenye 34. Hamira nyingi za eli, yaani bia za kuchachua kwenye joto la wastani, zinataka 18 hadi 22. Zikipita hapo sana zinatoa harufu ya ndizi mbivu isiyoombwa, kisha harufu ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na vileo vizito vinavyochoma koo. Hakuna kiungo utakachoongeza baadaye kikaviondoa.

Watu wa bia waliujua ugomvi huu zamani. Bavaria, mwaka 1553, ilipiga marufuku kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba, kwa sababu bia za kiangazi zilikuwa zinaharibika. Kiwanda cha Cantillon cha Brussels hadi leo hupoza maji ya kimea usiku kucha kwenye sinia kubwa la wazi darini, na hupika miezi ya baridi tu. Mashine ya barafu ya mhandisi Carl von Linde ilipata wateja wake wa mwanzo kwenye viwanda vya bia, na kampuni aliyoianzisha mwaka 1879 ilikua kwa oda zao. Pombe za kwetu zilifuata njia nyingine: mbege, busaa na mnazi huchachuka kwa joto la mahali na kunywewa ndani ya siku chache, kabla hazijaharibika. Ukitaka bia ya shayiri na hopsi itakayokaa kwenye chupa wiki kadhaa, huna njia ya kuukwepa ubaridi.

Koili

Nenda kwa wauza vifaa vya mafundi friji na AC, si duka la mabomba ya maji. Huko kopa laini inauzwa kwa roli ya mita 15, imezungushwa bapa kwenye boksi. Chukua ya inchi 3 kwa 8. Ya robo inchi inabana maji mno. Ya nusu inchi ni nzuri lakini bei inapanda na kuikunja ni kazi. Mabomba ya chuma kilichopakwa zinki yaache kabisa, maana maji ya kimea yana asidi na zinki inayeyuka ndani yake. Chuma cha pua kinafaa kwa usafi, ila kopa hupitisha joto zaidi ya mara 20 kukizidi, na kwa urefu huo huo tofauti utaiona kwenye saa.

Tafuta kitu cha duara chenye upana pungufu ya sufuria yako kwa sentimita 5 au zaidi: mtungi mdogo wa gesi, au ndoo ya rangi iliyojazwa mchanga ili isibonyee. Zungusha kopa taratibu ukiibana na kiganja. Adui yako ni kujikunja, kwa sababu mahali palipojikunja maji hayapiti vizuri tena. Mafundi friji wana springi ya kukunjia inayovalishwa juu ya bomba, azima. Ukiikosa, jaza bomba chumvi laini iliyokauka vizuri, ziba ncha zote kwa solotepu ngumu, kunja, kisha suuza. Wengine hutumia mchanga. Napendelea chumvi kwa kuwa itakayobaki itayeyuka na maji.

Mita 15 kwenye duara la sentimita 25 zinakupa mizunguko 17 au 18, na mikono miwili ya kupandisha juu ya ukingo wa sufuria. Ipandishe mikono hiyo kisha ikunje ielekee chini nje ya sufuria, ili kiungo cha mpira kikivuja kidondoke sakafuni na si ndani ya bia. Funga mipira kwa klipu za kukaza kwa bisibisi. Mpira wa upande wa kutokea ufunge mara mbili na uelekeze kwenye ndoo thabiti, kwani maji ya dakika za mwanzo hutoka yakikaribia kuchemka. Mpira mwepesi wa plastiki ya kuonyesha hulegea kwa joto hilo ukachomoka, na ukichomoka utarusha maji ya moto miguuni. Mpira wa silikoni hauna tabia hiyo.

Kabla ya kuitumia, pitisha maji kwa nguvu zote ukiwa umeizamisha kwenye beseni, uangalie kama kuna mapovu au uvujaji. Isugue kwa siki na maji ya moto kutoa mafuta ya kiwandani. Kopa ikikaa na unyevu huota ukungu wa kijani ambao ni sumu, kwa hiyo kila baada ya kazi ikaushe nje na ipulize ndani hadi ikauke, na ukiuona ukijani rudia siki. Usiunganishe chochote kwa risasi ya kulehemu ya kawaida. Tumia viungo vya kukaza.

Siku ya kupika, itumbukize kwenye sufuria inayochemka dakika 15 kabla ya kuzima moto. Mchemko utaitakasa. Ukishazima, fungua maji na ukoroge. Kukoroga kunashinda urefu wa bomba: maji ya kimea yaliyotulia hujitengenezea tabaka baridi kuzunguka kopa na joto la katikati haliisikii kabisa. Shika mikono ya koili uizungushe polepole, au tumia mwiko uliochemshwa. Kwa maji ya nyuzi 28 utatoka 100 hadi 40 kwa robo saa au zaidi kidogo, na utatumia lita 80 hivi, madumu manne. Hayo si ya kumwaga. Ya mwanzo ni ya kuoshea vyombo, yanayofuata ni ya kufulia. Pika alfajiri, kabla jua halijalipata tangi. Hiyo peke yake inaweza kukupa nyuzi 5 za bure.

Wa Nairobi, Arusha, Iringa na Mbeya mnaweza kuishia hapo. Maji yenu ni baridi, na Nairobi hata mchemko wenyewe unaanzia takriban nyuzi 94 kwa sababu ya mwinuko. Koili tupu itawafikisha kwenye ishirini na kitu.

Neno moja kuhusu majirani. Koili ya kopa kwenye beseni la maji inafanana mno na mtambo wa gongo, na hakuna mjumbe wa nyumba kumi atakayeamini maelezo yako kuhusu hopsi. Gongo ni marufuku Tanzania, na koili hii usithubutu kuigeuza kwa kazi hiyo. Kenya, Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010 inadai leseni kwa utengenezaji na uuzaji wa kileo, kwa hiyo ulizia ofisi ya kaunti kabla ya kununua sufuria. Tanzania ulizia halmashauri. Msomaji aliye Marekani anaruhusiwa na sheria ya shirikisho galoni 100 kwa mwaka akiwa mtu mzima peke yake, 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, bila kuuza hata chupa.

Barafu itumike wapi

Watu wa pwani wakishaona koili imegota kwenye nyuzi 35, hukimbilia barafu, na wengi huitumia mapema mno. Tuhesabu. Kuzitoa lita 20 kutoka 100 hadi 20 kwa barafu peke yake kunahitaji kilo 16, hata kama hakuna tone la baridi linalopotea. Sasa yaachie maji ya bomba yafanye kazi ya kutoka 100 hadi 40, kisha barafu ianze hapo. Zinahitajika kilo 4 kwa hesabu ya daftari, 5 au 6 kwa hali halisi ya jikoni. Barafu ni ya nyuzi za mwisho.

Njia rahisi ni pampu ndogo ya kuzamisha, ya aina inayotumika kwenye matangi ya samaki wa mapambo. Ukifika 40, toa mpira kwenye koki, uvalishe kwenye pampu, na pampu iweke ndani ya beseni lenye barafu iliyopondwa na maji ya kuifunika. Mpira wa kutokea uurudishe kwenye beseni hilo hilo. Maji yanazunguka hadi barafu iishe. Pampu ya volti 12 ni salama zaidi. Ya 230 ichomekwe kwenye soketi yenye kinga ya kukata umeme ukivuja, na mikono iwe mikavu.

Asiye na pampu azamishe sufuria nzima kwenye beseni la barafu, akikoroga ndani na nje. Linalokatazwa ni kutupia barafu ya kununua moja kwa moja kwenye bia. Hujui iligandishwa kwa maji gani, na kuganda hakuui bakteria.

Ipo pia njia ya Australia, ambako ukame umewafunza watu kubana maji: hawapozi kabisa. Maji ya kimea yanamiminwa yakiwa ya moto kwenye dumu gumu la plastiki ya daraja la chakula, lenye alama ya pembetatu na namba 2 kitakoni. Hewa inakamuliwa nje, kifuniko kinakazwa, dumu linalazwa ubavu ili moto utakase kila upande na mfuniko pia. Asubuhi yake hamira inatiwa. Kwa mtaa ambao maji yanatoka siku mbili kwa wiki, hii naipendekeza kuliko koili. Masharti ni mawili. Dumu lisiwe lililowahi kubeba mafuta ya taa au sabuni, na hamira itiwe kesho yake, si wiki ijayo: maji ya kimea yaliyofungwa bila hewa na kuachwa siku nyingi ni mahali ambapo bakteria wa sumu ya botulizimu wanaweza kukua. Uchungu wa hopsi pia utazidi kidogo kwa kuwa zinaendelea kupikika humo, basi punguza zile za mwisho.

Kasha la kuchachulia

Hatua ya chini kabisa ni beseni na fulana. Weka ndoo kwenye beseni lenye maji ya kimo cha kiganja, ivalishe fulana kuukuu ya pamba ambayo pindo lake linagusa maji, elekeza feni. Maji yanayopanda kwenye kitambaa na kukauka hubeba joto, kwa kanuni ile ile ya mtungi wa udongo. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, alipata Tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kuieneza kanuni hii kwa vyungu viwili vyenye mchanga mbichi katikati, vya kuhifadhia mboga kaskazini mwa nchi yake. Sharti lake ni hewa kavu. Dodoma, Garissa au Lodwar fulana itashusha nyuzi kadhaa za kuonekana. Tanga na Mombasa, ambako nguo yenyewe haikauki msimu wa mvua, utapata 2 au 3 na kitambaa chenye ukungu. Kuzuia kilele cha siku ya pili inaweza. Kukufikisha 20, hapana.

Hapo ndipo linapoingia friji bovu. Kila mtaa una fundi mwenye maiti za mafriji nje ya kibanda chake, kompresa zimekufa, gesi imetoka, anawasubiri wanunuzi wa vyuma chakavu. Nunua moja. Unalolitaka ni ukuta wenye povu lililojazwa kiwandani, ambao huwezi kuujenga mwenyewe kwa bei hiyo. Kagua mpira wa mlango: fungia karatasi katikati yake na uivute, ikitoka bila kukataa, mpira umekufa nao. Lilaze friji chali ili mlango uwe juu, kwa kuwa hewa baridi ni nzito, na la kusimama ukilifungua humwagika yote. Ukikosa friji, jenga boksi kwa mbao za povu jeupe, zile za maboksi ya samaki na chanjo, unene wa sentimita 5, viungo vikibanwa kwa gundi isiyoyeyusha povu.

Unene huo una sababu. Chukua kasha lenye mita za mraba moja na nusu za kuta, nyuzi 20 ndani na 30 nje. Kwa povu la sentimita 5 linavujisha joto la wati 10 hivi, sawa na kilojuli 900 kwa siku. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza kilojuli 334. Kwa hiyo kilo 3 kasoro za barafu kwa siku zinatosha kulishinda joto la chumba: chupa mbili za maji za lita moja na nusu, moja asubuhi na nyingine usiku. Povu la sentimita 2 na nusu linaongeza hitaji hilo mara mbili. Joto la hamira yenyewe, kwa uchachukaji wote tangu mwanzo hadi mwisho, halizidi kilo 3 za barafu. Maana yake adui mkubwa ni chumba, na shilingi inayonunua unene wa ukuta inafanya kazi kuliko inayonunua barafu. Siku mbili za kilele ongeza chupa ya tatu, basi.

Chupa zisijazwe hadi juu, barafu hutanuka kwa asilimia 9. Uwe na seti mbili, moja kazini na nyingine kwenye friza. Zipange pembeni ya ndoo, zisirundikane upande mmoja. Ukipata feni ndogo ya kompyuta na adapta ya volti 12 ya kifaa chochote kilichokufa, ifunge ndani izungushe hewa; tofauti kati ya juu na chini ya kasha itapungua.

Kipimajoto kibandike ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa bia, kifunikwe na kipande cha povu au kitambaa kilichokunjwa. Kikining'inia hewani kitakuambia joto la hewa, na bia inaweza kuwa imeizidi hewa hiyo kwa nyuzi 4 ukiwa umeridhika. Siku tatu za kwanza ndizo za kulinda kwa wivu, kwenye 18 hadi 20. Baada ya hapo acha ipande taratibu hadi 21 au 22 ili hamira imalizie kazi. Bia ya laga, inayotaka 10 hadi 12 kwa wiki mbili, usiijaribu kwa chupa za barafu. Inawezekana, lakini utakuwa mtumwa wa chupa.

Ukiwa na friji linalofanya kazi

Anayetaka laga, au asiyetaka kuamka kubadili chupa, atafute friji au friza la kulala ambalo kompresa yake ni nzima. Thamostati yake ikiwa imekufa ni bahati, maana bei inashuka na wewe huihitaji. Friji hushusha hadi 4, friza chini ya sifuri. Wewe unataka 18. Kazi hiyo inafanywa na kidhibiti joto cha nje kinachokata na kurudisha umeme wa friji. Kuna STC-1000, kidude cha bei ndogo chenye skrini nyekundu, kinachohitaji kufungwa kwenye boksi la plastiki kwa sababu nyuma yake nyaya za umeme ziko wazi. Kuna pia vya kampuni ya Inkbird, ambavyo unachomeka ukutani, kisha unachomeka friji kwake. Kama hujawahi kufunga soketi, STC-1000 mpe fundi umeme. Ni malipo madogo.

Kwenye mpangilio wake ziko namba mbili za kuzingatia. Ya kwanza ni tofauti ya kuwaka na kuzima: weka nyuzi 1. Ya pili ni muda wa kusubiri kabla ya kompresa kuwashwa tena: dakika 5 hadi 10. Kompresa ikiwashwa mara tu baada ya kuzimwa inasukuma dhidi ya presha ambayo haijashuka, na ndivyo zinavyokufa. Kwa miji yenye umeme wa kukatika na kurudi, ucheleweshaji huo unaokoa kompresa. Umeme ukikatika kabisa usihangaike kwa saa chache: lita 20 ndani ya kuta zenye povu hupata joto polepole, na chupa mbili za barafu zitakupitisha usiku.

Usitoboe ukuta wa friza kupitisha waya. Mabomba ya gesi yamefichwa humo, na mafriji mengi ya miaka hii yana isobutani, gesi inayoshika moto. Waya wa kipimajoto ni mwembamba, upitishe chini ya mpira wa mlango. Friza likifanya kazi kwenye nyuzi 18 hutoa jasho kuta zote, kwa hiyo weka chombo cha kemikali ya kunyonya unyevu na ufute kila wiki, la sivyo ukungu mweusi utalimiliki.

Vidude vya kupozea kwa umeme bila kompresa, vile vinavyouzwa kama majokofu madogo ya gari, viache. Kwa mzigo wa lita 20 zinazochachuka vinakula umeme mwingi na kutoa baridi kidogo.

Kuna hatari mbili ambazo sitaki uzisome haraka. Bia ile ile ya lita 20 hutoa zaidi ya lita 400 za hewa ya ukaa, na hewa hiyo ni nzito, inajikusanya chini ya friza la kulala. Fungua mlango, subiri, pepea, ndipo uiname, usitumbukize kichwa. Ya pili ni watoto. Friji lililolazwa chali ni mahali pazuri pa kujificha kwa mtoto wa miaka minne, na limeua watoto sehemu nyingi duniani. Kama friji ni la zamani lenye kitasa cha kufunga, king'oe siku hiyo hiyo unaponunua. Nje weka kufuli, na ufunguo uwe nao wewe.

Baada ya yote haya, yupo msomaji atakayesema hana friji, hana nafasi wala mahali pa kugandishia chupa. Huyo abadili hamira. Wakulima wa magharibi mwa Norwe wametunza kwa vizazi hamira inayoitwa kveik, ambayo aina yake ya Voss huchachua vizuri kwenye 35 hadi 40, joto ambalo hamira nyingi nyingine zingeiharibu bia. Kampuni ya Lallemand huiuza ikiwa kavu kwenye pakiti. Hutoa harufu nyepesi ya machungwa na humaliza kazi ndani ya siku chache. Kwa eli ya kawaida naona ni suluhisho la heshima kabisa kwa pwani, na nashangaa linavyotajwa kidogo huku. Halitakupa laga, na bado utahitaji kuyatoa maji ya kimea kutoka 100 hadi 38, kazi ambayo koili na koki ya Temeke zinaiweza bila hata kipande cha barafu.

Lakini ukijenga kasha, usilijaribie kwa bia. Weka ndani ndoo ya lita 20 za maji tupu, bandika kipimajoto, tia chupa zako mbili, na uandike joto la ndani na la chumba kila baada ya saa sita kwa siku mbili. Maji hayaozi wala hayana gharama, na yatakuambia kama mpira wa mlango unavuja, chupa ngapi zinatosha kwa nyumba yako, na saa ngapi unazo kabla ya kuzibadili. Ndipo ununue kimea.